Mchujo wa wagombea: kwa nini mtu anayependwa na wengi huangukia mlangoni mwa chama chake

Uchaguzi wa mwisho wa raisi katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo ulifanyika tarehe 20 Desemba 2023. Katiba inampa raisi muhula wa miaka 5, kwa hiyo uchaguzi ujao unaangukia mwaka 2028. Lakini kabla raia hajapewa kura yake, kuna uchaguzi mwingine ambao wengi hawauoni. Huo unafanyika ndani ya vyama na miungano ya vyama, ambamo mtu mmoja anachukuliwa na wengine wanaachwa nje.

Kila mara jina linapotangazwa, swali ni lile lile, iwe Goma, Bukavu, Butembo ao Bunia: kwa nini huyu na si yule? Majibu hutoka haraka: ni pesa, ni kabila, ni mkono wa wageni. Mambo hayo yana uzito wake. Hata hivyo, michujo mitatu ya miaka ya karibuni, mmoja wa Wakongomani, mmoja wa Watanzania na mmoja wa Wamarekani, inaonyesha kwamba kuna jambo linalotangulia yote hayo: ni nani anayepiga kura ndani ya mchujo, na wako wangapi. Mgombea yule yule anaweza kuwa wa kwanza mbele ya watu milioni moja na akawa wa mwisho mbele ya watu 7.

Uchaguzi wa duru moja

Nchini Congo, mchujo ulipata uzito zaidi tangu Januari 2011, wakati katiba ilipobadilishwa na duru ya pili ya uchaguzi wa raisi ikafutwa. Tangu hapo, anayepata kura nyingi kuliko wengine ndiye raisi, hata akiwa chini ya nusu. Mwaka ule ule wa 2011, Joseph Kabila alitangazwa mshindi kwa karibu asilimia 49. Mwaka 2018, mshindi alitangazwa kwa asilimia 38 na nusu.

Kwa sheria ya namna hiyo, chama tawala hakihitaji kupendwa na wengi. Kinahitaji wapinzani wake wasimame watatu ao wanne. Kwa upande wa upinzani, kukubaliana juu ya mtu mmoja ni nusu ya kazi ya uchaguzi. Hapo ndipo unapozaliwa mchujo wa Kikongomani: hauna sheria, hauna masanduku ya kura mitaani, na mara nyingi unafanyika hotelini, mbali na nchi.

Genève: wachaguzi 7

Mfano unaojulikana zaidi ni ule wa Genève, nchini Uswisi, mwezi wa Novemba 2018. Viongozi 7 wa upinzani walikutana huko chini ya usimamizi wa Wakfu wa Kofi Annan: Jean-Pierre Bemba, Moïse Katumbi, Félix Tshisekedi, Vital Kamerhe, Adolphe Muzito, Freddy Matungulu na Martin Fayulu. Tarehe 11 Novemba walitangaza kwamba mgombea wao wa pamoja ni Fayulu, na muungano wao ukaitwa Lamuka.

Wengi walishangaa. Kama kipimo kingekuwa wafuasi, Fayulu hakuwa wa kwanza kwenye meza ile. Tshisekedi alikuwa amechaguliwa miezi michache mbele kuongoza UDPS, chama kikongwe cha upinzani ambacho baba yake, Étienne Tshisekedi, alikiongoza hadi kifo chake mwaka 2017. Jina hilo peke yake lilikuwa mtaji katika Kasaï na katika mitaa mingi ya Kinshasa. Kamerhe alikuwa wa tatu katika uchaguzi wa 2011, kwa karibu asilimia 8, na ngome yake ilikuwa Kivu. Fayulu alijulikana Kinshasa kama mbunge na kama mtu wa maandamano, lakini chama chake, ECiDé, kilikuwa kidogo.

Sababu inaonekana ukiwatazama wale 7 kama wachaguzi. Watatu kati yao hawakuwa na haki ya kugombea mwaka ule. Bemba na Muzito walikuwa wameondolewa kwenye orodha. Katumbi alizuiliwa kuingia nchini mwezi wa Agosti kwenye mpaka wa Kasumbalesa, na muda wa kuweka ugombea ukampita. Kwa mtu wa namna hiyo, swali la kwanza si nani anapendwa zaidi na raia. Swali ni nani atakayeshika kiti bila kufunga mlango nyuma yake. Makubaliano yenyewe yalizungumzia mamlaka ya muda mfupi, miaka 2, ili uchaguzi mwingine uitishwe na waliozuiliwa waweze kugombea.

Mbele ya wachaguzi 7, kuwa na chama kikubwa kunaweza kugeuka mzigo, kwa sababu mwenye nguvu anawatia wenzake hofu. Yule ambaye hamtishi mtu ndiye anayeanza mbele.

Lakini hesabu ya chumba haikuzuia hesabu ya mtaa. Wafuasi wa UDPS walikasirika, na chini ya saa 24 Tshisekedi na Kamerhe wakaondoa saini zao. Tarehe 23 Novemba wawili hao walitia saini makubaliano yao wenyewe mjini Nairobi, na muungano wa CACH ukazaliwa. Upinzani ambao ulienda Genève kutafuta mtu mmoja ulirudi na wawili.

Jambo la pili la Genève halizungumzwi sana. Umaarufu wa Fayulu ulikua baada ya mchujo, wala si kabla. Alipoteuliwa, mitandao ya Katumbi na ya Bemba ilimbeba, na watu wa Beni na Butembo, ambao hawakumfahamu sana, walimpokea kwa umati. CENI ilimpa karibu asilimia 35, nyuma ya Tshisekedi na mbele ya Emmanuel Ramazani Shadary, ambaye Kabila alimteua kwa niaba ya muungano wake wa FCC tarehe 8 Agosti 2018, siku ya mwisho ya kuweka ugombea. Fayulu alikataa matokeo, na maaskofu wa CENCO walisema kwamba tangazo la CENI halikulingana na yale waangalizi wao walikusanya. Mahakama ya Katiba ilithibitisha ushindi wa Tshisekedi. Vyovyote vile, mtu aliyeingia chumbani akiwa mdogo alitoka akiwa mmoja wa wakubwa wawili wa upinzani. Kuteuliwa kwenyewe huzaa umaarufu.

Dodoma: wajumbe zaidi ya 2,000

Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, chama cha CCM kina mchujo wenye kanuni zilizoandikwa. Mwaka 2015, Jakaya Kikwete alikuwa akimaliza mihula yake miwili, na makada zaidi ya 40 walichukua fomu za kuomba kumrithi. Anayeongoza kwa umaarufu alijulikana na kila mtu: Edward Lowassa, waziri mkuu kuanzia 2005 hadi alipojiuzulu mwaka 2008 kufuatia kashfa ya Richmond. Kanuni zilimtaka kila mwombaji apate wadhamini 450 mikoani. Lowassa alikusanya mamia ya maelfu.

Haikumsaidia. Mchujo wa CCM una vichujio kadhaa, kimoja nyuma ya kingine. Kamati Kuu hupunguza majina hadi 5, Halmashauri Kuu ya Taifa huyapunguza hadi 3, kisha Mkutano Mkuu huchagua mmoja. Lowassa alikatwa kwenye Kamati Kuu, kwenye kundi dogo kuliko yote. Wajumbe wengi wa vikao vilivyofuata walikuwa wakimpenda, na wajumbe watatu wa Kamati Kuu yenyewe walijitokeza mbele ya waandishi wa habari kupinga uamuzi huo. Lakini jina lake halikuwafikia wapiga kura. Umaarufu wake ulikuwa kwenye sakafu ya pili ya nyumba, na mlango wa sakafu ya kwanza ulikuwa umefungwa.

Bernard Membe, ambaye kambi yake ilishindana na ile ya Lowassa kwa miaka, alivuka kichujio cha kwanza na akaangukia cha pili. Wachambuzi wengi wa Tanzania walieleza kwamba watu wa Lowassa, wakiwa na hasira, hawakukubali kumpa kura adui yao. Aliyebaki ni John Magufuli, waziri wa ujenzi, mtu wa barabara na madaraja, ambaye hakuwa na kambi yoyote. Tarehe 12 Julai 2015 alitangazwa kuwa amepata kura 2,104, sawa na asilimia 87. Amina Salum Ali alipata 253 na Asha-Rose Migiro 59.

Hapa faida ilikuwa kutochukiwa. Mahali ambapo kambi mbili kubwa zinapigana, kura huteremka kwa yule ambaye pande zote zinaweza kumvumilia. Anaweza asiwe chaguo la kwanza la mtu yeyote na bado akashinda kwa kishindo.

Lowassa alihamia Chadema mwishoni mwa mwezi ule ule na akagombea kwa tiketi ya upinzani. Tarehe 25 Oktoba alipata kura zaidi ya milioni 6, karibu asilimia 40. Magufuli alipata karibu milioni 9, zaidi ya asilimia 58. Takwimu hizo zinasema mambo mawili kwa pamoja: umaarufu wa Lowassa haukuwa hadithi, na mashine ya chama ilikuwa na nguvu kuliko umaarufu wake.

South Carolina: mamilioni ya wachaguzi

Marekani inachukua njia nyingine. Kule, mchujo wa vyama vikubwa ni uchaguzi wa raia wenyewe, jimbo baada ya jimbo, kwa miezi kadhaa. Mwaka 2020, chama cha Democratic kilitafuta mtu wa kupambana na Donald Trump. Mwezi wa Februari, Joe Biden alionekana amekwisha: wa nne Iowa, wa tano New Hampshire. Bernie Sanders alikuwa mbele, na Nevada alishinda kwa tofauti kubwa.

Kisha mchujo ulifika South Carolina, tarehe 29 Februari. Iowa na New Hampshire ni majimbo yenye wazungu wengi sana. South Carolina, zaidi ya nusu ya wachaguzi wa mchujo wa Democratic ni weusi. Hao walimjua Biden kwa miaka 8 kama makamu wa Barack Obama, na siku tatu kabla ya kura mbunge James Clyburn, mzee anayeheshimiwa sana katika jamii ya weusi wa jimbo lile, alitangaza kwamba anamuunga mkono. Biden alipata karibu asilimia 49, Sanders karibu asilimia 20.

Mtu alikuwa yule yule, na mpango wake ulikuwa ule ule. Wachaguzi ndio waliobadilika.

Yaliyofuata yanawahusu Wakongomani moja kwa moja. Sanders alikuwa akiongoza kwa sehemu kwa sababu wapinzani wake wa mrengo wa kati waligawana kura. Ndani ya siku mbili, Pete Buttigieg na Amy Klobuchar walijiondoa na kumuunga mkono Biden. Tarehe 3 Machi, majimbo 14 yalipiga kura siku moja, na Biden akachukua 10. Michael Bloomberg, tajiri aliyetumia zaidi ya dola milioni 500 kutoka mfukoni mwake, alishinda kisiwani American Samoa tu, akaacha kesho yake. Pesa zilimnunulia matangazo. Hazikumnunulia imani.

Kinachompa mtu faida

Ukiweka mifano hiyo mitatu pamoja, faida za wagombea zinaonekana kuwa za aina nne, na kila moja ina soko lake.

Ya kwanza ni jina. Mtoto wa kiongozi, waziri wa zamani, makamu wa raisi: hao hawahitaji kujitambulisha. Jina linafanya kazi zaidi pale wachaguzi wakiwa wengi, kwa sababu mtu wa kawaida hana muda wa kusoma mipango ya wagombea 20. Anamchukua yule anayemfahamu.

Ya pili ni mtandao: watu wa chama katika kila mji, kila eneo, kila mtaa, wanaojua nani ni mjumbe na nani ana kadi. Mtandao una nguvu kwenye mikutano ya wajumbe mamia ao maelfu. Bila huo, hata sifa ya dunia nzima haitoshi. Daktari Denis Mukwege wa Bukavu, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 2018, alitangaza ugombea wake mwanzoni mwa Oktoba 2023, chini ya miezi mitatu kabla ya kura. Matokeo rasmi, ambayo upinzani uliyapinga, yalimpa chini ya asilimia 1. Watu wengi wa Kivu walimheshimu na wanaendelea kumheshimu. Lakini heshima haina mashahidi kwenye vituo vya kupigia kura, wala haina kamati katika Kwilu ao Tshopo.

Ya tatu ni kutotisha. Hiyo ndiyo faida ya vyumba vidogo, kama Genève na kama Dodoma baada ya kambi mbili kuangushana.

Ya nne ni mgawanyiko wa wengine. Hiyo haionekani kwenye picha za mikutano, lakini imepandisha wagombea wengi kuliko hotuba. Mwenye asilimia 30 anaonekana jitu pale wengine watano wanagawana 70. Wakiungana, anarudi kwenye kimo chake.

Upinzani wa Congo ulijaribu tena hesabu hiyo ya nne mwaka 2023. Baada ya mazungumzo ya Pretoria mwezi wa Novemba, Augustin Matata Ponyo, Delly Sesanga, Seth Kikuni na Franck Diongo walimwachia Katumbi nafasi. Fayulu na Mukwege walibaki. Matokeo rasmi yalimpa Tshisekedi zaidi ya asilimia 73, Katumbi 18 na Fayulu 5. Kwa takwimu hizo, hata umoja kamili usingetosha, lakini upinzani ulilalamikia kasoro nyingi siku ya kura. Kinachobaki wazi ni kwamba wale wanne hawakumchagua Katumbi kupitia kura ya wanachama wao. Kila mmoja alifanya hesabu yake na kutoa tangazo.

Mashariki, na umaarufu usiofika kwenye sanduku

Kwa wakaaji wa mashariki kuna jambo la ziada. Mwishoni mwa Desemba 2018, CENI iliahirisha kura ya Beni, Butembo na Yumbi hadi Machi 2019, ikitaja Ebola na usalama mdogo. Raisi mpya aliapishwa tarehe 24 Januari 2019. Wachaguzi zaidi ya milioni 1.2 walibaki nje ya hesabu ya uraisi. Mwaka 2023, Masisi na Rutshuru hazikupiga kura kwa sababu ya vita. Januari na Februari 2025, Goma na Bukavu ziliangukia mikononi mwa M23.

Viongozi wa vyama wanaona hayo na wanahesabu. Mtu ambaye nguvu yake yote iko Kivu ya Kaskazini anapoingia kwenye chumba cha mchujo, wenzake wanaweza kumuuliza: watu wako watapiga kura wapi? Kwa njia hiyo, ukosefu wa usalama hauwanyimi watu wa mashariki kura ya siku moja tu. Unapunguza bei ya wagombea wao miaka mingi kabla, tena kimya kimya, bila korti wala CENI kusema neno. Eneo ambalo halipigi kura kwa uhakika halina uzito pale majina yanapochujwa, na baadaye watu wake wanashangaa kwamba hakuna jina lao kwenye orodha.

Ndiyo maana wanachama wa vyama, hasa vijana wanaojaza mikutano na kubeba bendera, wana faida ya kuuliza mapema maswali ambayo kwa kawaida huulizwa baada ya jina kutangazwa. Chama chetu kitamchagua mgombea kwa njia gani: kwa tangazo la mwanzilishi, kwa kikao cha viongozi, kwa kongamano la wajumbe, ao kwa kura ya wanachama wote? Wajumbe wanatoka wapi, na mashariki ina wangapi? Waliokimbia makwao watahesabiwa wapi? Anayeshindwa anafungwa na nini ili asitoke kesho yake na kuanzisha muungano wake?

Swali hilo la mwisho ndilo Genève ilikosa kujibu. Viongozi wale 7 waliweka saini. Hawakuwauliza wafuasi wao kwanza, na hakuna kilichowashika pale wafuasi walipokataa. Mchujo unaofanywa na wanachama wengi ni mrefu, una gharama na una kelele, lakini anayeshindwa mbele ya watu wake mwenyewe hapati wa kumwambia kwamba ameibiwa na wenzake sita hotelini. Hadi sasa, vyama vingi vya Congo vinaendelea kumjua mgombea wao kwa njia moja: mwanzilishi akishasema, kazi ya wengine ni kupiga makofi.